Kaswende Ilivyokaribia Kumuua Shangazi

Asanteni kwa kunipisha mbele, ndugu zangu. Kiongozi wetu wa akina mama amenibembeleza tangu Kwaresima nisimame, na mimi kila mara namwambia Jumapili ijayo. Leo nimesimama. Akina baba mlioko karibu na mlango, naomba msitoke. Mkisikia neno mnaloona halifai kutajwa kanisani, nivumilieni, maana ugonjwa ninaotaka kuusema unawaingia hata wanaosali. Jina la mtu sitataja. Wanaonifahamu watajua ninawasema akina nani, basi nao wanyamaze.

Niliolewa wakati ule sangara alipoanza kutafutwa na kila mtu. Mnaukumbuka wakati huo. Viwanda vya minofu vilifunguliwa, magari ya barafu yakawa yanapishana, sisi tusioweza kununua samaki mzima tukawa tunagombea mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kutolewa. Mume wangu alikuwa mnunuzi. Alipelekwa kwenye kambi za wavuvi visiwani, akakaa huko mpaka samaki wajae, ndipo arudi nyumbani. Tulipanga chumba mjini, Igogo. Mimi nilikaanga mapanki nikauza barabarani. Hatukulala njaa. Nilijiona mtu mwenye bahati.

Mimba ya kwanza ilipokuwa kubwa, mama mkwe aliagiza nikajifungulie kwao, ng'ambo ya Busisi. Ndiyo desturi yao. Nikavuka ziwa kwa pantoni, nikapokelewa vizuri. Katika boma lao alikuwepo shangazi yake mume wangu, dada wa baba mkwe. Alikuwa mjane, hana mtoto, anaishi peke yake kwenye nyumba ndogo ya nyasi pembeni ya zizi. Ndiye aliyekuwa mkunga wa familia. Nilimpenda tangu siku ya kwanza. Nikimwambia, "Shikamoo shangazi," ananijibu, "Marahaba mwanangu, umeamkaje na mzigo wako?"

Mtoto alizaliwa amekufa. Na hakufa siku hiyo, akina mama mnanielewa. Ngozi ilikuwa inachubuka mikononi mwa shangazi alipokuwa anamsafisha. Alimfunga haraka kwenye khanga ili nisione, lakini nilikuwa nimeshaona. Wanawake wakamzika nyuma ya migomba, hakuna aliyelia kwa sauti. Mama mkwe akaniambia, "Utapata mwingine." Nikaamini.

Huyo mwingine alizaliwa hai. Nawaambia, afadhali asingezaliwa hai. Alikuwa na sura ya mzee. Pua imeziba, anakoroma kama mtu aliyelala mahali pa vumbi. Viganja na nyayo zilikuwa na malengelenge, na akinyonya anaachia ziwa apate pumzi. Shangazi alimkanda, alimpulizia moshi wa majani, alimbeba mchana kutwa mimi nipumzike. Akafa kabla hajapewa jina.

Siku ya kuanua matanga, mama mkwe hakuonekana. Alikuwa amekwenda kwa mganga, mbali, mahali asipojulikana. Aliporudi hakusema kitu, ila nilimwona akichukua kibuyu cha maziwa ambacho shangazi alikuwa ameniletea, akakimwaga chote nje ya boma. Kuanzia hapo watoto wa boma lile wakakatazwa kupita kwa shangazi. Watu wakaanza kuyazungumzia macho yake. Ni kweli yalikuwa mekundu. Mwanamke aliyepika kwa moto wa samadi ya ng'ombe maisha yake yote, macho yake yangekuwa na rangi gani? Lakini sisi wa huku tunajua macho mekundu ya bibi mzee husemwa ni ya mchawi, na tunajua yanayofuata.

Mwaka uleule, kijiji cha jirani, bibi mmoja alikatwa mapanga akichambua mboga mlangoni kwake. Hakuna aliyeona. Watu wazima na akili zao, mchana kweupe, hakuna aliyeona.

Nikapata mimba ya tatu. Nilikwenda ukweni kuwapa habari, na badala ya vigelegele, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alinitazama tumbo akasema, "Huyu hataliwa. Safari hii tunamalizana na yule bibi mapema." Alisema taratibu, anakula muhogo. Nikaenda kwa shangazi. Nikakuta mihogo yake yote imeng'olewa na kupangwa mbele ya mlango, mizizi juu, ndilo onyo lao. Alikuwa amekaa ndani, mlango wazi.

"Shangazi, nani kafanya hivi?"

"Wenyewe."

"Sasa utafanyaje?"

Aliniuliza, "Mwanangu, na wewe unaamini ni mimi?"

Nikamwambia, "Sijui kinachoua watoto wangu, shangazi. Lakini sijaona mkono wako ukiwatendea baya."

"Basi kajue," akaniambia. "Rudi mjini ukajue. Mimi sina muda mrefu."

Nilivuka Busisi nikarudi mjini. Igogo nilikuwa na jirani, mwanamke wa Kihaya aliyekuwa anauza ndizi, mtu wa maneno mengi. Nilimsimulia yote. Akaniuliza, "Hao watoto wamewahi kupimwa? Wewe umewahi kupimwa damu?" Nikamwambia sijawahi, naogopa. Wakati ule ukisikia mtu ametolewa damu unawaza ukimwi tu. Ulikuwa unaona vijana wenye nguvu wanarudi kutoka visiwani wamebebwa. Nilisema moyoni, kama ndicho hicho, bora nisijue. Lakini neno la shangazi halikuniacha. Jirani yangu akafunga biashara yake, akanishika mkono mpaka kliniki ya wajawazito.

Walitoa damu mkononi. Tukasubiri kwenye benchi na wenzangu. Baadaye nesi akaniita peke yangu, akafunga mlango.

"Kaa, mama. Una kaswende."

"Mimi? Mbona siumwi popote?"

"Ndivyo ilivyo. Inaanza na kidonda kisichouma, kinapona chenyewe. Kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani, asikione kabisa. Halafu inakaa kimya kwenye damu. Ukipata mimba, inamfuata mtoto tumboni."

Nikamweleza wale wawili, jinsi walivyokuwa. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Hao sikuwapima, siwezi kuapa," akasema. "Lakini hayo unayonieleza, kaswende huyafanya. Huyu wa sasa bado tunaweza kumkinga. Umewahi."

"Dawa ipo?"

"Ipo. Sindano ya penisilini. Leo hii. Na mumeo lazima aje, hata kama haumwi. Asipotibiwa atakurudishia. Mpaka atibiwe, msikutane, au mtumie kondomu."

Sindano ile inauma, nisiwadanganye. Nilitoka nachechemea. Lakini kilichonilemea kilikuwa kingine: nilikuwa nimejua kilichowaua watoto wangu, na kule ng'ambo kuna mwanamke anangojea kukatwa kwa ajili yao.

Mume wangu aliporudi kutoka kambini nilimwambia kabla hajavua viatu. Akasimama. "Umeitoa wapi?" Ndivyo alivyouliza. Wanawake wangapi humu wameulizwa hivyo? Nikamwambia, "Sijatoka Igogo isipokuwa kwenda kwa mama yako." Akapiga meza, akaondoka. Alirudi kesho yake amenywea. Akaniambia kwamba zamani, miezi michache baada ya harusi, alitokwa na kidonda kambini. Akaenda duka la dawa, maduka yale yaliyoota kila kona, akauziwa vidonge vya rangi mbili. Kidonda kikapona, akajua kimekwisha. Kumbe kingepona hata bila vidonge.

"Twende ukachomwe," nikamwambia.

"Watanionaje pale?"

"Watakuona mgonjwa."

Alikuwa bado anasitasita pale dereva mmoja wa gari la samaki alipotuletea ujumbe kutoka kwao: baba mkwe ameita kikao cha ukoo, Jumamosi, tufike bila kukosa. Dereva akaongeza lake, kwamba vijana wameonekana wakinoa mapanga. Mume wangu alikaa chini. Yule ni shangazi yake aliyemlea, mama yake alipokuwa mgonjwa. Siku ileile alikwenda kliniki, akachomwa sindano. Jumamosi tukavuka.

Wanaume walikuwa wamekaa nje, wanawake nyuma yao. Shangazi aliketishwa peke yake kwenye kigoda, katikati, kama mbuzi wa kuuzwa. Mapanga sikuyaona, ila niliona vijana wengi nisiowafahamu wameegemea zizi. Baba mkwe akazungumza, mama mkwe akazungumza, yule shemeji akasema, "Mwenye watoto yupo. Aseme walifia mikononi mwa nani."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, lakini kuwaza ni kingine. Kusema kaswende mbele ya baba mkwe! Mnajua ni aibu gani. Nilimtazama shangazi. Alikuwa anatazama ardhi, midomo inacheza, nadhani alikuwa anasali. Nikasimama.

"Baba, shikamoo. Watoto wangu hawakulogwa. Nimepimwa damu hospitali. Nina kaswende. Ndiyo inayofanya mtoto afe tumboni, ndiyo inayomchubua ngozi. Shangazi aliwapokea tu."

Kelele zikaanza. Mama mkwe akapiga ukunga, "Malaya! Amemletea mwanangu maradhi!" Shemeji akasimama, na vijana wa zizini wakasimama naye. Nilijua sasa tunakatwa wawili.

Ndipo mume wangu akanyanyuka. Sauti yake ilikuwa ndogo, mpaka watu wakanyamaza ili wasikie. "Mama, niletee mimi matusi hayo. Ugonjwa nimeutoa mimi visiwani, nikamletea yeye. Na mimi nimechomwa sindano juzi. Mkitaka aliyeua wale watoto, ni huu ugonjwa wangu. Shangazi mwacheni."

Baba mkwe aliinamisha kichwa. Shemeji akasema, "Mchawi hashindwi kujificha hata kwenye damu." Na niliona vichwa vikiitikia. Mume wangu naye aliviona. Hatukungoja chakula. Tulimchukua shangazi na kifurushi chake, tukaondoka naye hadharani, tukitembea taratibu kwa sababu yeye hakuweza kukimbia. Sikuthubutu kugeuka nyuma mpaka pantoni ilipong'oa nanga. Baada ya mavuno tulisikia nyumba yake imechomwa.

Mtoto wangu nilimzalia hospitali. Alilia kabla hata hajamaliza kutoka. Ngozi yake ilikuwa safi, wakampima, wakaniambia yuko salama. Ni huyo anayekimbiakimbia hapo nje, mtanisamehe kwa kelele zake.

Shangazi tuliishi naye Igogo mpaka Mungu alipomchukua kwa amani. Siku moja, tukichagua mchele, aliniambia, "Watoto wangu nao walikufa hivyohivyo. Wote. Ngozi inachubuka." Nikashtuka. Akaendelea, "Na mama mkwe wangu naye alimtaja mtu."

"Walimfanya nini, shangazi?"

Alipepeta ule mchele, akapepeta.

Namshukuru Mungu. Namshukuru jirani yangu aliyefunga biashara yake kwa ajili yangu, yule nesi aliyefunga mlango ndipo akaongea, na mume wangu, ambaye amekaa palee na ameniruhusu kusema yote haya. Wajawazito, nendeni mkapimwe mapema, mimba ikiwa bado changa, hata kama hakuna kinachouma. Akina baba, nendeni nao, na dawa ya dukani isiwadanganye. Dawa ya kweli ipo na inaponya, ila waliokwisha kufa hairudishi.

Na nina neno la mwisho. Humu ndani yupo mama aliyezika mtoto wa namna ile, na nyumbani kwake tayari linatajwa jina la mtu. Sikujui, lakini najua upo. Usiwaache wamalize kulitaja. Kesho asubuhi nitakuwa kwenye benchi la kliniki, nimevaa kitenge hikihiki. Njoo ukae karibu yangu.