Safu Niliyoifuta

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Renata zima hiyo redio ya jikoni, maana tangu asubuhi watu wanabishana juu ya makwotabeki wawili chipukizi wa mwaka huu, wale warushaji wakuu wa mpira wa Kimarekani, huyu wa Georgia na yule wa Iowa, nani kampita nani, na kila wanapotaja karatasi ya Wojcik nataka kuziba masikio. Leon, usinitazame hivyo, najua kipindi ni chako na najua wanakirudia kila Jumamosi, lakini karatasi wanayoisifu ni yangu mimi baba yenu, na leo nataka mnisikilize mimi. Muuguzi amesema nina siku chache, nami nadhani ameniongezea. Saa nne Emmett Broussard atakuja kuninyoa kama anavyonyoa kila Jumamosi tangu mikono yangu ianze kutetemeka, na kabla hajafika lazima niwe nimemaliza na nyinyi, kwa hiyo msinikatize.

Kwanza mambo mepesi. Nyumba hii ni ya Renata, kwa sababu ndiye aliyerudi hapa Erie kumuuguza mama yenu na ndiye anayeniuguza mimi, na Leon una nyumba yako, usininunie. Kibanda cha kuvulia samaki kwenye barafu mkitumie pamoja, ila binamu yangu Bernard asikanyage humo, kwa maana aliazima keekee yangu ya kutobolea barafu mwaka tuliompigia kura yule meya mwizi, hajairudisha mpaka leo, na kila Krismasi ananitumia kadi kana kwamba hakuna kitu. Nilisema nitamsamehe, nikajaribu, nimeshindwa. Mkitaka kumsamehe nyinyi, hiyo ni juu yenu. Projekta ya zamani na mikebe ya filamu ni ya Leon. Na sasa, Leon, nenda kwenye kabati la ngazini, ulitoe boksi la mapambo ya mti wa Krismasi, lile ambalo mama yenu hakuruhusu mtu alifungue isipokuwa yeye. Chini ya malaika wa karatasi kuna daftari la jalada la kijani. Lilete hapa, uliweke mapajani mwangu, usilifungue.

Ndilo hilo. Sikilizeni sasa.

Mwaka wa sabini na saba nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mama yenu Irene ana mimba yako, Renata, na mimi nilikuwa mtu wa filamu wa timu yetu ya Wahunzi. Kazi yangu ilikuwa kukaa ndani ya chumba chenye joto, nikaendesha filamu ya mazoezi mbele na nyuma mpaka macho yaume, nikaandika kila mpira ulirushwa vipi na ukafika wapi. Kambi ya Julai ile tulikuwa na makwotabeki wawili wageni wa ligi na nafasi moja tu. Mmoja alikuwa Dale Ruckert, mtoto wa parokia yetu, baba yake alifanya kazi tanuru moja na baba yangu, mrefu, mweupe, mchangamfu, kina mama wa kanisani walikwishaanza kumtajia binti zao. Mwingine alikuwa Emmett, mtu mweusi kutoka Louisiana, kutoka chuo kidogo ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukifikia, mpole, anasema na kila mtu kwa heshima, na mpira ukitoka mkononi mwake ulikuwa hautoi sauti. Nilikuwa nauona mkono wake kwenye filamu nasahau kuandika, inanibidi nirudishe nyuma.

Nilikuwa na utaratibu wangu, na humo ndimo ilimotoka hiyo mnayoiita karatasi ya Wojcik. Kwa kila kwotabeki nilichukua mirusho mia, nikachora safu tatu. Ya kwanza, mpira umerushwa kwa nani. Ya pili, umeshikwa au haukushikwa. Ya tatu, na hii ndiyo niliyoibuni mwenyewe na kujivunia, je, wakati anarusha alikuwa amesimama kwa amani, au adui alikuwa amekwisha kumfikia mwilini? Kwa maana mwajua, kwotabeki hasimami peke yake. Mbele yake wako wakingaji watano, na kambini wakingaji si sawa. Dale alipewa wale wa kikosi cha kwanza, mabonge ya watu walioijua kazi. Emmett alipewa wale wa kikosi cha tatu, nusu yao wangefukuzwa kabla ya Jumapili, na mmoja wao hata jina lake kocha wetu, Lindqvist, alikuwa halijui. Emmett akishika mpira tu, tayari kuna mtu kifuani pake.

Wiki ya mwisho ya kambi Lindqvist alinikuta kwenye foleni ya chakula, akaweka mkono begani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasema, "Wojcik, kesho niletee karatasi moja ya hawa wawili. Iwe fupi. Isinipe kazi ya kufikiri."

Hakusema zaidi. Hakunituma nidanganye, hilo lazima mlijue, msije mkamsingizia marehemu ili kuninusuru mimi. Lakini nilimwelewa, na kila mtu katika chumba kile angemwelewa. Ligi nzima ilikuwa na desturi moja siku zile: kwotabeki mweusi akija, anasifiwa mbio zake, anasifiwa uungwana wake, halafu anapelekwa kucheza nafasi nyingine.

Nilirudi kwenye chumba cha filamu nikaichora karatasi upya. Safu mbili, na hiyo ndiyo wanayoisifu redioni. Dale Ruckert, mirusho mia, iliyoshikwa sitini na moja. Emmett Broussard, mirusho mia, iliyoshikwa hamsini na nne. Basi. Leon, wewe unayefanya kazi hii unaona nilichofanya. Hakuna namba hata moja ya uongo pale. Ningeweza kuapa mahakamani. Lindqvist aliisoma amesimama, akaikunja, akanipiga mgongoni, na jioni hiyohiyo Dale akawa kwotabeki wetu na Emmett akahamishiwa kwenye ulinzi wa nyuma.

Nilifanya hivyo kwa nini? Nimekuwa na miaka mingi ya kujitafutia sababu, na ninazo nyingi nzuri. Mama yenu alikuwa na mimba. Kazi ilikuwa ngumu kupata. Lindqvist asingenisikiliza hata kama ningemletea safu kumi. Lakini nikisema kweli, niliogopa kuwa mtu wa kwanza kulisema jambo lile chumbani, na zaidi ya hapo nilitaka Dale ashinde, kwa kuwa alikuwa wetu. Emmett nilimpenda, lakini sikumhesabu kuwa wetu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, wanangu, baba yenu huyuhuyu mnayemfunika blanketi.

Daftari lenye safu zote tatu nilikwenda nikalitupa kwenye pipa la taka. Mama yenu akalitoa. Sikujua, mpaka Krismasi ya mwaka ule nilipofungua boksi nikalikuta chini ya malaika. Nikamuuliza ya nini hili. Alikuwa amekupakata wewe, Renata, mwezi mmoja tu tangu uzaliwe, akanijibu taratibu asikuamshe, "Siku utakapokuwa mwanamume utalihitaji." Hakulitaja tena mpaka alipokufa. Tangu hapo hakuna aliyeruhusiwa kulifungua boksi; kila mwaka alilifunika daftari kwa mapambo, kila mwaka nilimsikia ngazini akilihamisha, na kila mwaka nilikaa sebuleni nikijifanya nasoma gazeti.

Mengine mnayajua, mji mzima unayajua. Dale alicheza miaka tisa, akapata sanamu yake nje ya uwanja, sasa yuko Florida anacheza gofu. Msimchukie, hakujua lolote, alirusha mpira aliopewa. Emmett alicheza ulinzi misimu mitatu, wa nne mtu akamwangukia goti kwenye baridi ya Desemba, nami ndiye niliyekata filamu ya tukio lile, nikalitazama goti linapinda mara sita kwa sababu daktari alitaka kulitazama. Nilikwenda kumwona wodini. Nilidhani nikimpelekea keki ya asali ya mama yenu nitapumua kidogo. Akanishukuru, akala kipande, akaweka uma chini, akaniuliza.

"Thad, wewe ulitazama kila mpira niliorusha. Niambie kweli, kaka. Dale alinizidi?"

Mlango ulikuwa umefungwa. Tulikuwa wawili tu. Lindqvist hayumo, kazi yangu haimo hatarini, hapakuwa na mtu wa kuogopa. Nikamwambia, "Alikuzidi kidogo. Namba ndivyo zilivyosema."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema basi vizuri, sasa anaweza kuiacha habari hiyo. Wanangu, la kwanza nililifanya kwa woga. Hili la pili nimelitafutia jina mpaka leo sijalipata.

Hakuondoka mjini. Akamwoa Odessa, akasomea ualimu, akafundisha hesabu kwenye shule ya kata yetu miaka ishirini na minane. Hesabu, Leon. Mtu yule angeiona safu ya tatu kwa dakika moja, kama angejua kwamba ipo. Na wewe Renata ulikuwa darasani kwake. Unakumbuka? Ulikuwa na miaka kumi na miwili, tunakula pierogi za Ijumaa, yale maandazi ya viazi ya kuchemsha, ukatuambia, "Baba, leo Mwalimu Broussard ametueleza alivyonyimwa ukwotabeki. Amesema alidhani ni kwa sababu ya rangi yake, akakasirika miaka mitatu, mpaka mtu mwaminifu akamwambia namba zilivyokuwa, akakubali. Amesema ukishaona namba, uache kujionea huruma."

Nikakwambia kula chakula chako. Mama yenu aliinuka akaenda kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Watoto wangapi wamefundishwa somo lile? Miaka ishirini na minane, wanangu. Aliwasimulia watoto wake, aliwasimulia wa watu, kwamba mwenyewe hakutosha, na mtu mwaminifu wa somo lake ni mimi. Na bado anakuja hapa kila Jumamosi na wembe wake na taulo yake, anachemsha maji, ananishika kidevu na kunitania kwamba shingo yangu sasa imekuwa kama ya bata mzinga aliyenyonyolewa. Wembe unapita kooni mwangu, nami nafumba macho, yeye anadhani nasinzia.

Nipe maji. Kidogo. Inatosha.

Fungua daftari sasa, Leon, katikati, penye utepe. Usome kwa sauti, mimi macho hayaoni tena. Ndiyo. Waliposimama kwa amani: Dale mirusho themanini na sita, iliyoshikwa hamsini na minane. Emmett arobaini na mitatu, iliyoshikwa thelathini na mitatu. Gawanya. Dale hafiki saba katika kumi, Emmett anakaribia nane. Walipokuwa wamekwisha fikiwa: Dale kumi na minne, iliyoshikwa mitatu. Emmett hamsini na saba, iliyoshikwa ishirini na moja. Dale mbili katika kumi, Emmett karibu nne. Unaona? Kwa amani alimzidi. Kwa taabu alimzidi. Kila mahali alimzidi, na ukizijumlisha bila safu ile, anaonekana kazidiwa, kwa sababu taabu alipewa yeye mara nne zaidi.

Mwanangu, usilie, hujafanya kosa. Najua jumba la kumbukumbu la michezo wanataka kuitundika ile karatasi ya safu mbili ukutani, pamoja na picha yangu, na wamekuomba ufungue pazia. Wosia wangu ni huu. Isitundikwe. Jumatatu, kwenye kipindi chako, kabla hujawalinganisha hao wawili wa mwaka huu, usome ukurasa huu wote, safu zote tatu, na useme nani aliyeifuta moja na kwamba alikuwa baba yako. Watu watakucheka. Watasema jina la Wojcik ni la mwongo, na itakuwa kweli. Na siku zote za mbele katika kazi yako, kabla hujasema chipukizi huyu ni bora kuliko yule, uliza kwanza ni nani aliyewekwa mbele yake kumkinga.

Daftari lenyewe ni la Emmett. Si lenu. Renata, wewe uliyekuwa mwanafunzi wake, umpe kwa mikono miwili.

Lakini kumwambia, nitamwambia mimi. Hilo sikurithishi, Leon. Nikishindwa pumzi katikati ndipo umalizie. Akitaka kunitukana mwacheni, msiseme baba anaumwa. Akitaka kuondoka, mmsindikize mpaka kwenye gari, na msimlete mazishini bila ridhaa yake. Nizikeni kando ya mama yenu. Simu... mpigieni Dale pia. Aambiwe kwa upole.

Njooni. Wekeni vichwa hapa. Mungu awape, wanangu, moyo aliokuwa nao mama yenu, mimi sina wa kuwapa. Awakinge. Mpendane. Renata, asante kwa supu. Leon... asante kwa kusoma.

Hilo ni gari lake. Nalijua, mlango wake haufungiki mara moja. Mfungulieni. Hapana, msinifute macho, aone.

Ingia, Emmett. Ingia, ndugu yangu. Maji yaache kwanza, usichemshe. Weka wembe hapo mezani. Kaa karibu, sauti imekwisha. Siku ile wodini... na keki... uliniuliza kama Dale alikuzidi.

Hakukuzidi.