Pakiti Moja kwa Glasi Moja

Kwenye basi la kwenda Al Mansoura, mtaa wa jiji la Kiarabu tunakofanyia kazi, mbele yangu waliketi wanawake wawili waliojuana majina kituoni tu. Sharifa wa Tanga, mfanyakazi wa ndani, alikuwa anatoka duka la dawa. Cherotich, nesi Mkenya, aliona mkononi mwake pakiti za unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, akamuuliza nani anaharisha.

"Mtoto wa madam. Tangu asubuhi nimemkorogea pakiti mbili, kila moja glasi yake, lakini kiu haimwishi."

Cherotich aligeuka mwili mzima. "Glasi? Pakiti moja ni ya lita moja! Ina gramu ishirini hivi. Ukiiweka kwa robo lita, hiyo ni gramu themanini kwa lita. Dada, umempa chumvi mara nne!"

"Nilidhani ikikolea ndiyo inaponya."

Nami ningedhani hivyo. Hesabu za maabara nilizikimbia kidato cha pili.

"Piga simu sasa hivi, wampeleke hospitali!"

"Nikisema, kesho narudishwa kwetu."

"Na usiposema?"

Basi lilisimama. Sharifa alishuka. Kupitia dirisha nilimwona amesimama juani, simu sikioni.