Sarafu ya Mtoto wa Mwisho

Benchi letu lipo kwenye kona, ubavuni mwa duka la mbao, na wanaolikalia ni watu wazito: siku wakipata kazi ya kufanya, sijui dunia itashauriwa na nani. Mimi nawauzia kahawa, kwa hiyo nawaheshimu. Yupo Soli, fundi viatu, ambaye meza yake ya kazi imegusana na benchi. Yupo Betri, anayefufua betri za magari hapo mkabala. Yupo Wakili, aliyekuwa mlinzi wa mlango wa mahakama, akastaafu na elimu yote iliyopenya chini ya mlango. Asubuhi hiyo akaja Bomba, fundi wa mabomba ya maji, kimashine chake cha kunusia vyuma ardhini kikiwa begani, akaweka sarafu kuukuu juu ya benchi. Ilikuwa nyeusi tii kwa udongo na kutu.

Bomba: Nimeipata kiwanjani, pale ilipobomolewa nyumba ya marehemu fundi bati. Natafuta bomba la zamani, mashine ikalia, nikachimba, nikakuta hii nyuma ya choo.

Soli: Mashine yote hiyo, kumbe inatafuta chenji!

Bomba: Sikia kwanza. Nimeulizia mpaka nimempata binti wa yule mzee, yule dada mshona nguo wa karibu na zahanati. Anasema kila mtoto akizaliwa, baba yao alikuwa anachukua sarafu, anaisugua upande mmoja mpaka inakuwa laini, anachonga jina la mtoto kwa mkono wake. Kaka zake wote wanazo. Yeye wa mwisho ndiye hana.

Betri: Basi alisahauliwa.

Bomba: Kaka zake hawasemi alisahauliwa. Wanasema aliokotwa. Kila harusi, kila msiba: "Wewe ungekuwa wa baba, si angekuchongea?" Halafu wanacheka. Jana ananisimulia huku anakanyaga cherehani, hakuinua uso hata mara moja. Anakuja sasa hivi kuiona.

Mimi ilinichoma, nasema kweli. Kwa benchi letu ilikuwa kesi.

Wakili: Tusikurupuke. Mwenye mali lazima athibitishwe. Isome.

Bomba: Macho yangu hayafiki, na uchafu umejaa kwenye maandishi. Nikasema niilete huku kwa wataalamu.

Neno hilo, wataalamu, ndilo lililotuponza.

Soli: Kwanza utampaje mtoto wa watu kitu kichafu namna hii? Huoni hata aibu?

Nikatoa majivu ya jiko langu na maji kidogo. Bomba akaisugua kwa kidole, taratibu, na upande mmoja ikaanza kuonekana mistari myembamba iliyochongwa kwa mkono. Vichwa vyote vikainama.

Wakili: Naam. Hizi ni namba. Namba za jasusi.

Betri: Namba wapi, wewe? Hilo ni taji. Hii ni sarafu ya mfalme, alikuwa anawapa wake zake kwa zamu, wasigombane.

Soli: Mfalme gani anaishi nyuma ya choo cha fundi bati? Hiyo ni filimbi! Hii sarafu ni ya refa. Ndiyo aliyokuwa anarusha kabla ya mechi, ameikwangua upande mmoja ili timu yake ipate kila siku.

Wakili: Halafu akaifukia kupoteza ushahidi!

Soli: Umeona? Sasa hapo mtu mzima umeongea.

Bomba: Jamani. Fundi bati. Watoto. Majina.

Wakili: Ufundi bati ndiyo kazi ya kujifichia hasa. Nani atamshuku mtu anayetengeneza ndoo?

Bomba akasema maandishi yanaonekana nusu, tumwachie dada mwenyewe ayasome. Lilikuwa wazo zuri, ndiyo maana halikupata wa kuliunga mkono.

Betri: Nusu ya nini? Lete nitie tone la maji ya betri. Uchafu wote unatoka mbio.

Bomba: Haitaharibika?

Betri: Mimi nimeanza kushika tindikali wewe hujajua kushika spana.

Povu likatoka. Betri akaipangusa kwa shati, akaitazama, akatangaza kwamba taji sasa limekaa vizuri zaidi. Soli akamnyang'anya, yeye akaona filimbi ileile, safari hii na kamba yake. Wakili akaona mkono ulioshika bastola. Mimi niliona mistari imepungua, nikasema. Nikaambiwa nimimine kahawa.

Soli: Imebaki na madoa. Msasa laini kidogo tu, ule wa kumalizia soli.

Bomba: Soli, polepole basi.

Soli: Unaniambia mimi? Viatu vya maharusi vinapita mikononi mwangu!

Akasugua huku wakibishana kama refa anaweza pia kuwa jasusi. Wakili alisema hakuna sheria inayomkataza. Betri akamwingiza na mfalme humohumo: refa alikuwa mwana wa mfalme wa nje ya ndoa, akatoroshwa na sarafu ya ukoo, akafundishwa ubati ili asijulikane, ujasusi akaupata huko mbele ya safari. Ilikuwa hadithi tamu, kila mtu wa benchi alikuwa na kipande chake, ila yule dada ndiye hakuwemo. Soli akatema mate kwenye sarafu, akasugua tena, akageuza na upande wa pili usije ukaona wivu, akamalizia na kitambaa cha kung'arishia viatu.

Soli: Haya! Tazameni kazi ya fundi!

Ilikuwa inang'aa kweli, pande zote mbili. Bomba akanyoosha mkono aichukue, na hapohapo dada akatokea, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni, anahema.

Dada: Hamjambo, kaka zangu.

Benchi: Hatujambo, dada.

Dada: Nimekimbia kidogo. Kaka yangu mkubwa nimemwambia, naye yuko njiani. Nilitaka niione mimi kwanza.

Bomba akampa kwa mikono miwili. Dada akaifumbata. Kisha akafungua kiganja. Akaitazama. Akaigeuza. Akaigeuza tena, akaisogeza kwenye mwanga.

Dada: Jamani, imetakata. Mmehangaika kwa ajili yangu, Mungu awalipe.

Soli akaanza kukunja kitambaa chake.

Dada: Sasa, kaka Bomba, jina liko upande gani?

Bomba akamwangalia Soli. Soli akamwangalia Betri. Wakili, ambaye tangu nimjue hajawahi kukosa jibu, akainama kufunga kamba za viatu, na miguuni alikuwa na ndala. Mimi niliona haya, nikageukia jiko langu. Dada alikuwa bado anaigeuza wakati kaka yake alipoanza kuvuka barabara kuja kwetu, akicheka tangu mbali.