Rubeni Mseti Magaigwa, Mpagazi wa Mlima Nyamoseru

Mchungaji wetu, wazee wa ukoo, viongozi wa kijiji, ndugu wafiwa, majirani, na ninyi wenzake wa kazi mliotoka Mugumu alfajiri ili kumzika pamoja nasi, ninaitwa Emanueli Kehengu Magaigwa, mwalimu mstaafu, kaka wa marehemu wa tumbo moja. Kazi ya kusoma historia hii ilikuwa ya mtoto wake mkubwa, Joel, nami nilimwomba aniachie, akaniachia, na mjane wetu, Regina, akaniambia neno moja tu: "Shemeji, soma, lakini usimpambe." Nina umri wa miaka themanini na miwili, nimekwisha kuandika historia za marehemu kumi na saba katika kijiji hiki, na hii ni ya kumi na nane.

Marehemu Rubeni Mseti Magaigwa alizaliwa tarehe 4 Septemba 1949 hapa hapa Nyamwaga, wakati ule ikiwa Wilaya ya North Mara katika Jimbo la Ziwa, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa Mzee Magaigwa Nyamatende na Mama Weigesa binti Kimito, ambao wote wawili wametutangulia. Jina la Mseti alipewa na bibi yetu, jina la Rubeni alilipata kwa ubatizo siku ya Pasaka, tarehe 6 Aprili 1958, na kwa kuwa wapo waliozoea kumwandika Lubeni, naomba fundi wa msalaba aandike kama nilivyotamka.

Alianza Darasa la Kwanza mwaka 1957, akamaliza Darasa la Nne mwezi Novemba 1960, akafanya mtihani wa kuingia shule ya kati, akafaulu, akiwa wa pili kati ya wavulana thelathini na mmoja, lakini hakuendelea. Ninyi nyote mmesikia kwamba ni baba aliyemtoa shuleni ili achunge ng'ombe, ndivyo ilivyosimuliwa katika nyumba yetu kwa miaka sitini na minne, na mimi mwenyewe nimeisimulia hivyo mbele ya watu. Haikuwa hivyo. Siku ya Jumatatu, tarehe 9 Januari 1961, nikiwa nimechaguliwa kwenda chuo cha ualimu, baba aliniita ndani, akanieleza kwamba baba mdogo Simioni amekubali kuchunga ng'ombe wetu pamoja na wake ili Rubeni aende shule ya kati, kisha akaniuliza, "Kehengu, wewe ndiye uliyesoma, unaonaje?" Nikajibu, "Baba, mmoja anatosha." Niliogopa kwamba tukiwa wawili huenda safari yangu ikakatwa, na nilikuwa nimekwisha kushonewa suruali ndefu ya kwendea chuoni. Baba hakujua kuandika, hivyo barua ya kumtoa Rubeni shuleni niliiandika mimi, kwa mwandiko safi, na mwalimu mkuu alipoipokea aliusifu mwandiko.

Baba aliibeba lawama ile mpaka alipofariki tarehe 2 Februari 1979, wala hakunitaja hata siku moja. Kaburi lake lipo hapo nyuma yenu, penye ule mti wa mparachichi, na leo naomba mbele yenu aitue, niibebe mwenyewe.

Kuanzia mwezi huo wa Januari marehemu alichunga ng'ombe katika Mlima Nyamoseru, mlima huu mnaouona nyuma yangu, kwa miaka kumi na mitatu, akaujua kwa miguu kabla hajaujua kwa kitu kingine chochote, chemchemi zake, mapango yake, njia ya kushukia kwenye maporomoko, na mahali pa kusimama ambapo ukitazama kusini unaiona nchi tambarare ya Serengeti mpaka jicho linachoka, na ukitazama magharibi siku isiyo na vumbi unaona ziwa likimeta kama bati jipya. Alioa tarehe 14 Desemba 1974, akimwoa Regina, binti wa Mzee Joseka wa hapa hapa Nyamwaga, ndoa iliyofungwa kanisani, na Mungu akawajalia watoto watatu, Joel, Sarah na Filemoni, na wajukuu kumi na mmoja. Alilima migomba, mahindi na kahawa, na mwaka 1986 alikwenda Nyangoto kuchimba dhahabu, akakaa miezi saba, akarudi mikono mitupu, akasema shimo halina upepo na yeye amezoea upepo.

Kazi ya wageni aliianza mwezi Julai 1994, ambapo mume na mke wa kizungu waliokuwa wakichimba visima vya maji huko Tarime walifika hapa wakiuliza njia ya kupanda Nyamoseru, watu wakawacheka kwa sababu hawakuwa na mbuzi wa kutafuta huko juu, Rubeni akaacha jembe lake, akawapeleka. Walirudi, wakaleta wenzao, na wale wenzao wakaleta wengine, kiasi kwamba kufikia mwaka 2007 wageni waliotoka kutazama wanyama Serengeti walikuwa wakija huku milimani kupumzika na vumbi la magari, wakipanda mlima, wakioga kwenye maporomoko, wakitazama ndege, wakitembezwa katika mashamba ya kahawa na kulala katika mahema kwenye ule uwanda wa juu. Marehemu alikuwa na desturi ya kumwonyesha kila mgeni mti au ndege, kumtajia jina lake kwa Kikurya na kwa Kiswahili, kisha kumwomba ataje kwa Kiingereza, na lile jina alikuwa akilirudia njia nzima mpaka lizoee mdomo wake. Hivyo ndivyo alivyojifunza Kiingereza, bila daftari, na mimi niliyefundisha lugha hiyo kwa miaka thelathini na mitano nilimsikia kwa masikio yangu, kule juu, akimweleza bibi mmoja mzee habari za tai, na sikusikia kosa ambalo ningeweza kulisahihisha bila kulazimisha.

Mwaka huo wa 2007 kijiji kiliunda kamati ya utalii, nami nikachaguliwa kuwa katibu. Siku ya Jumatatu, tarehe 16 Machi 2009, kampuni moja ya kambi za mahema ilituletea fomu, ikitaka tupendekeze mtu mmoja wa kusomeshwa Mugumu kwa miezi mitatu na kuajiriwa awe kiongozi wa wageni katika mlima wetu. Wajumbe wote walisema kazi hiyo ni ya Rubeni, wakaniachia fomu niijaze. Niliijaza nyumbani, peke yangu, mezani. Penye elimu niliandika Darasa la Nne, nayo ilikuwa kweli, na penye lugha niliandika kwamba hajui Kiingereza, nayo haikuwa kweli, na nilijua si kweli wakati wino unakauka. Katika mstari wa pili, wa mtu wa akiba, nililiandika jina la mwanangu wa mwisho, Erasto Emanueli, Kidato cha Nne, ambaye alikuwa amepanda Nyamoseru mara mbili tu maishani mwake, na mara ya pili alishushwa akiwa mgongoni mwa Rubeni. Kampuni haikuwa na kosa, ilichagua kwa kufuata karatasi.

Erasto aliajiriwa, akapewa kofia na viatu, na marehemu, akielekea umri wa miaka sitini, akachukuliwa kuwa mpagazi wa kubeba mahema nyuma yake. Kanuni ya kampuni ilikuwa kwamba wapagazi wasizungumze na wageni. Basi mgeni alipouliza jina la mti, na Erasto akawa hajui, marehemu alikuwa akisema kwa sauti, kwa Kikurya, huku ametazama chini na amekunja uso kama mtu anayeugombeza mzigo wake: "Mti huu nyuki wanaupenda, gome lake ni dawa ya kifua, haya mwambie, usinikodolee macho!" Na Erasto alikuwa akigeuka, akayasema yale yale kwa Kiingereza. Walifanya hivyo kwa miaka saba. Waliokuwa wakipalilia mashambani kando ya njia walisikia kila neno, wakawa wakimpigia Erasto kelele, "Mura, kijana, mgeni amekuuliza wewe, mbona linajibu begi?" Marehemu naye alikuwa akiwajibu kwamba begi hili limekula chumvi nyingi kuliko kofia ile. Wageni tu ndio hawakuelewa, na mmoja wao aliandika katika kitabu cha wageni, ukurasa wa arobaini na moja, maneno ambayo nayatafsiri kama yalivyo: "Kiongozi wetu Erasto anaujua kila mti. Mzee mpagazi hunung'unika njia nzima." Erasto aliniletea kitabu hicho nikisome. Nilisoma ukurasa huo mbele ya watu, hapa uani, nikacheka, na Rubeni alikuwapo, akacheka pia.

Tena katika mikutano ya kijiji nilizoea kusema kwamba lililompata mdogo wangu lilikuwa baraka, kwa kuwa kama asingetolewa shuleni asingeujua mlima. Siku moja aliniuliza mbele ya wajumbe, "Mwalimu, basi nishukuru?" Watu wakaangua kicheko, nami nikaendelea na ajenda iliyofuata.

Siku ya Jumanne, tarehe 23 Agosti 2016, saa tano asubuhi, ukungu ulishuka Nyamoseru ghafla wakati Erasto akiwa na wageni sita juu ya maporomoko, akachukua njia ya kushoto, ambayo wachunga ng'ombe wote wanajua kwamba inaishia kwenye genge. Marehemu aliutua mzigo, akapita mbele, akawaambia wageni kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba wasimame, kila mmoja ashike mkanda wa begi la aliye mbele yake, na wakanyage pale anapokanyaga yeye. Aliwatembeza kwa saa mbili, bila kuona hatua tano mbele, mpaka walipokanyaga udongo wa shamba la kahawa. Mgeni mmoja, mama wa makamo, alimuuliza kwa nini alinyamaza siku tatu nzima ilhali anajua lugha vizuri hivyo, naye akamjibu, "Mama, kwenye karatasi imeandikwa sijui."

Jioni ile Erasto alikuja kwangu, akasimama mlangoni, hakukaa, akasema, "Baba, Baba Mdogo anajua habari ya ile fomu. Anajua tangu mwaka ule ule." Nilimwambia aingie ale, akasema ameshiba. Nilingoja marehemu aje kuniuliza, nikiwa nimetayarisha la kujibu, lakini Jumapili iliyofuata alikuja na mkungu wa ndizi kama alivyofanya kila Jumapili, akauliza habari za mguu wangu, akaenda zake, na hakuniuliza mpaka amekufa. Kampuni, baada ya kusikia yaliyotokea katika ukungu, ilisema umri wake umepita wa kuajiriwa kuwa kiongozi, lakini ikamruhusu atembee mbele na azungumze, akafanya hivyo hadi mwezi Machi 2020, ambapo ugonjwa wa korona ulizuia wageni, naye akapumzika.

Marehemu alianza kuugua mwezi Januari 2024, miguu ikivimba na pumzi ikikata apandapo hata ngazi ya kanisa, akatibiwa Tarime, akapelekwa Mwanza mwezi Machi mwaka huu, ambako madaktari walieleza kwamba moyo umetanuka, akarudishwa Tarime mwishoni mwa Mei. Jumapili, tarehe 1 Juni 2025, nilikwenda kumwona hospitali nikiwa nimedhamiria kumwambia habari ya mwaka 1961, ile asiyoijua, kwamba si baba. Nilikaa kwenye kiti. Nikamuuliza kama amekunywa uji. Akasema amekunywa. Nikainyoosha shuka yake, ambayo ilikuwa imenyooka. Kisha akaniambia, akitabasamu, "Mwalimu, siku ukinisomea, andika Darasa la Nne, usiongeze kitu, watu wanakujua wewe ni mtu wa usahihi." Niliitika, nikachukua fimbo yangu, nikatoka. Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, miezi tisa na siku sita, na amekufa akiamini kwamba ni baba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tarime na Mwanza waliomhudumia kwa upole, majirani waliochota maji, waliopika na waliochimba kaburi katika udongo huu mgumu, Mchungaji na kwaya, wenzake wa kambi, hasa wapagazi, ambao wameomba wao ndio wabebe jeneza, na wameruhusiwa. Namshukuru mwanangu Erasto, aliyeniambia juzi kwamba kama nisingesoma haya, angeyasoma yeye. Kwa Regina, Joel, Sarah na Filemoni sina shukrani ya kutosha, na sijaomba msamaha kabla ya leo, kwa hiyo nauomba sasa, nikiwa nimesimama, na atakayeona siustahili sitamlaumu.

Rubeni, mdogo wangu, nimeandika Darasa la Nne kama ulivyotaka. Uliniagiza nisiongeze kitu, nami nimeongeza, nimeongeza kwamba ulikuwa wa pili kati ya thelathini na mmoja, na nimeongeza ni nani aliyeiandika barua. Pumzika kwa amani.