Safari ya Baba Abibu kwa Reli, Nchi Tatu

Komisheni ya Kudumu ya Uratibu wa Safari ya Reli ya Kimataifa ya Baba Abibu: ndivyo Godefroid alivyoandika kwa chaki ya fundi kwenye mlango wa atelie ya ushonaji, katika komini ya Kenya, mtaa wa mji wa shaba, si ile nchi, na chini yake akaongeza kwa herufi ndogo, "kikao kinaendelea". Kikao chenyewe kilikuwa benchi moja, termosi ya kahawa ya Mama Mounira, mke wa mwenye atelie, na wanaume watatu waliokuja kila siku kumsaidia wa nne. Huyo wa nne, Abibu, alisikiliza huku akishona. Marehemu kaka yake Abdoul alikuwa ameacha binti Dar es Salaam, Yasmine, naye alikuwa anaolewa Ijumaa iliyokuwa inakuja. Baba akishafariki, baba mdogo ndiye wa kumuozesha. Abibu alikuwa na pasipoti na nauli ya kawaida. Ya ndege hakuwa nayo. Na hakuwahi kufika mbali kupita Mokambo, pale mpakani. Kwa hiyo, ingawa hakumwambia mtu, kila komisheni ilipoahirisha uamuzi, moyo wake ulipumua kidogo.

— Basi hapana, alisema Paulin, aliyeitwa Shefu de Gare, yaani mkuu wa stesheni, kwa sababu marehemu baba yake aliendesha treni. Muntu ya reli hawezi kukaa mu basi sawa gunia ya mihogo.

— Mi si muntu ya reli, Paulin. Mi niko fundi.

— Unakaa na shiye ba reli. Inatosha. Sikiliza: reli yetu, ya Zambia, na ile ya Kapiri Mposhi mpaka Dar, upana iko moja. Wago moja ya treni inaweza kutoka hapa ikafika ku bahari bila muntu kushuka.

— Bon, tumutie mu wago ya shaba, alisema Djafari. Yeye jina lake la utani lilikuwa Duane, yaani forodha, kwa kuwa aliuza vitu Mokambo na alidai kuwajua maofisa wa forodha wote kwa mwendo wao. Aliongeza: shaba haiombake viza.

— Na mi nitaandikwa nini?

— Bidhaa. Fundi moja, ilishatumika, ingali inafanya kazi.

— Bidhaa haina heshima, alisema Godefroid, akagonga benchi kwa ngumi. Alikuwa karani wa ofisi ya komini, na alipostaafu aliondoka na tabia ya kugonga muhuri baada ya kila sentensi. Akaendelea: tumufanye ujumbe. Ujumbe haulipake treni.

— Nani alikuambia?

— Nilitumika ku biro ya komini miaka mingi. Sikuonaka ujumbe hata moja ukilipa kitu.

Hilo lilikuwa kweli, na hakuna aliyepinga.

— Mais muntu moja si ujumbe, aliendelea Godefroid. Inaomba musemaji, mutunza mali na mushauri. Donc tunaenda bane.

— Tukienda bane bei si itapanda mara ine? aliuliza Abibu.

— Hapana, Baba Abibu. Bane ni kikundi. Kikundi banaipunguziaka bei.

Paulin alikuwa ameshanyoosha kola ya shati, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

— Na chakula? Abibu aliuliza tena.

— Tutafanya biashara, alisema Djafari. Hapa tunatoka na unga. Ndola tunabadilisha na mayai. Mbeya, mayai tunabadilisha na mchele. Tukifika Dar weye uko tajiri, harusi ni weye unalipa.

— Mayai mu treni, Djafari? Ile inatikisika.

— Njo vizuri. Yenye itapasuka tutakaanga.

— Kulala pia ni bure, alisema Paulin. Usiku tunalala mu treni. Kama inataka kufika bado usiku, naenda kwa mashinisti mwenye kuiendesha, namuambia apunguze mwendo. Bantu ba reli tunasikilizanaka.

Simu ya Abibu ikaita. Alikuwa Yasmine, na Kiswahili chake cha pwani kilifanya benchi zima likae sawa.

— Shikamoo baba mdogo. Umeshakata tiketi?

— Marahaba, mama. Komisheni iko inakaa.

— Komisheni gani?

— Ya reli.



— Shehe ananiambia tumteue mtu mwingine aniozeshe. Nimekataa, nimemwambia baba mdogo anakuja. Upande wa baba yangu sina mwingine. Kama huji, niambie leo.

Abibu alimwambia atamjibu, akaweka simu chini ya kitambaa, kama vile ingeweza kumwona. Wakati huo mteja mmoja, Constance, aliingia kuchukua nguo yake ya kwaya. Alikuwa amesimama mlangoni muda, akisikia habari za mayai.

— Samahani ba baba, alisema. Kati yenu, nani alishaka kupanda treni?

— Baba yangu aliendesha miaka na miaka, alisema Paulin.

— Baba yenu namuheshimu. Nauliza nyie.

— Mi nililalaka mu wago, nikiwa mutoto.

— Ilikuwa inatembea?

— Ilikuwa ku garage.

Djafari alikitazama kikombe chake. Godefroid aliinua ngumi, akakosa cha kugonga, akairudisha juu ya goti.

Abibu aliwaangalia mmoja mmoja. Siku zote hizi alikuwa akiona haya ya kuogopa njia mbele ya watu walioijua. Kumbe walikuwa wote sawa, ila wenzake walikuwa na sauti kubwa. Alikata uzi, akamkunjia Constance nguo yake, akafunika mashine.

— Mama Mounira, aliita, ile sakosi ya safari iko wapi?

— Kikao hakijafungwa, alisema Godefroid.

— Mukikifunga, munipigie.

— Na treni? aliuliza Paulin, kwa sauti ndogo.

— Wee uipande, Shefu. Kisha utanielezea.

Akampigia Yasmine akiwa amesimama.

Baba Abibu alienda na basi, peke yake, kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Alifika Dar es Salaam Alhamisi, miguu imevimba, na Ijumaa baada ya swala akamuozesha Yasmine.