Simu ya Kuongea na Mama Mkwe

Mimi ndiye mwenye birika, kwa hiyo ubishi wa benchi hili la Gongoni, Tabora, nimeusikia wote, na sijawahi kulipwa kwa kuusikiliza. Benchi liko mbele ya duka la Awadhi, tunayemwita Mawimbi kwa sababu anauza redio na simu za mitumba na anadai kujua kila kinachopita hewani. Kulia hukaa Erasmus, tunayemwita Signo, mstaafu wa reli aliyepandisha na kushusha ishara za treni miaka thelathini. Kushoto ni Mfaume, jina la kijiweni Methali, mshona kofia, anayezijua methali zote za nchi hii ila hajui zinatumika wapi. Jumatano ile alikuja Ngollo, fundi baiskeli wa mlango wa tatu kutoka hapa, akauliza habari za simu za nyumbani zisizo na waya. Hakuagiza kahawa. Nilimmiminia hivyo hivyo, maana uso wake ulikuwa unaihitaji.

Mawimbi: Umefika penyewe. Ninazo seti mbili. Hii ina mkonga mmoja na kitako chake, namba kubwa kubwa, inakaa na chaji siku mbili. Hii nyingine ina mikonga miwili, kitako kimoja. Mkonga kwa mkonga mnaongea bure, hata kama nyumba haina laini.

Signo: Miwili ya nini? Nyumba yako vyumba vinne. Ukipaza sauti si unasikika mpaka stesheni?

Ngollo: Kwa mke wangu ningepaza. Hii ni ya mama mkwe.

Benchi zima likamgeukia. Ikabidi aeleze. Mama yake Julieth, mke wa Ngollo, alianguka kule Usoke akavunjika mguu. Hospitali ya Kitete wamemfunga plasta, wakamwambia apumzike wiki sita, akaletwa kwa binti yake. Julieth anauza mchele sokoni hadi jioni, watoto wako shule. Nyumbani wanabaki wawili, Ngollo barazani na baiskeli zake, mama chumba cha nyuma. Na Ngollo ni mtu wa Nzega aliyelelewa akaleleka: chumbani kwa mama mkwe haingii, usoni hamtazami. Uji anaupika mwenyewe, anauweka mlangoni, anagonga, anakimbia.

Ngollo: Watoto wakiwepo tunatumana kupitia wao. Sasa juzi hawapo, mtungi wake umekauka. Nikasikia anakohoa. Na mimi nikakohoa, kumjulisha kwamba nipo. Akakohoa tena. Nikakohoa. Mpaka saa tisa watoto wanarudi. Kumbe mama ana kiu tangu saa nne! Nimeona aibu, jamani. Mtu mzima anashikwa na kiu nyumbani kwangu na mimi nipo.

Methali: Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Signo: Methali! Huyo ndiye mkuu mwenyewe!

Methali: Basi na guu ni lake.

Signo: Kwani hata simu ya kitochi hana?

Ngollo: Anacho. Lakini chumba kile kuta zake nene, mtandao haushiki mpaka utoke uani. Atatokaje na plasta?

Mawimbi: Ndiyo maana nasema mikonga miwili. Hii haitafuti mnara. Mnara wake ni hiki kitako, unakichomeka ukumbini, basi.

Signo: Umeme ukikatika?

Mawimbi: Mikonga inakuwa midoli tu.

Signo: Na ile ya mkonga mmoja?

Mawimbi: Na yenyewe.

Signo: Basi zote sare. Mfungie taa za reli. Nyekundu maji, kijani uji.

Ngollo: Na akitaka chumvi?

Signo: Njano. Halafu chumba chenyewe kimeelekea wapi?

Ngollo: Kaskazini.

Signo: Hapo pagumu. Mawimbi ya hapa yameshazoea njia ya misafara: yanatoka pwani, yanapumzika Tabora, yanashika njia ya Ujiji. Ukiyatuma kaskazini yanaweka mizigo chini.

Mawimbi: Ulaya kuna mtu ameishi na mama mkwe wake miaka kumi kwa simu hii hii. Hawajawahi kuonana.

Signo: Sasa alijuaje kama bado yu hai?

Mawimbi: Chaji ilikuwa inaisha.

Methali: Mimi nawaambia, sauti inaelea hewani, na ukiona vyaelea, vimeundwa. Wachina wameshaunda maneno yote humo ndani. Ngollo anabonyeza mbili tu, simu yenyewe inasema, "Mama, maji haya hapa." Ila mkonga usiuweke mfukoni, ndugu yangu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilikuwa nacheka hadi birika linatikisika, na Ngollo mwenyewe ameanza kucheka, ndipo Maua, anayenipikia kashata, alipofika kunishushia za siku. Akaweka sinia, akasikiliza kidogo, akamgeukia Ngollo.

Maua: Na hiyo juzi, simu ingekuwepo, mama angekupigia?

Ngollo akaweka kikombe chini.

Ngollo: Sijui, dada. Mama ana haya kunishinda mimi.

Maua: Basi nipeni mkonga mmoja nimpelekee.

Mawimbi akachomeka kitako palepale dukani, akamwonyesha kitufe cha kubonyeza. Maua akaenda, akarudi, akakaa.

Maua: Nimemwachia. Ameuweka juu ya mto, anauangalia.

Tukasubiri. Ngollo ameushika wake kwa mikono miwili. Mteja wangu mmoja aliita kahawa nikajifanya sijasikia, na nasema kweli, asubuhi ile nilitamani simu ilie kuliko nilivyotamani kuuza. Signo alishafungua mdomo aseme habari za kaskazini. Ikalia.

Ngollo akasimama, akavua kofia, akainamisha kichwa kama vile anaonekana.

Ngollo: Shikamoo, mama.

Sauti ya mama: Marahaba. Hapo ni nani?

Ngollo akafumba macho.

Ngollo: Hapa ni... hapa ni dukani, mama.

Sauti ya mama: Haya, mtu wa dukani. Mkwe wangu yupo hapo karibu?

Ngollo: Yupo, mama.

Sauti ya mama: Mwambie uji wake mzuri sana, siku zote naona haya kumtuma mtoto amwambie. Halafu asiwe anakimbia akishauweka. Namsikia. Ataanguka, tubaki wawili wenye plasta. Na mwambie nina kiu.

Ngollo: Nitamwambia, mama. Nitamwambia sasa hivi.

Akamwachia Mawimbi mkonga, kahawa akaiacha nusu, akashika njia ya nyumbani kwenda kumwambia.