Historia ya Shangazi Joanitha, Aliyesemwa Kuwa na Wivu

Baba Mchungaji, viongozi wetu wa hapa Ndama, ndugu mliotoka Nyakakika, Kiruruma na Kyerwa, wakubwa wote shikamooni, na poleni kwa msiba. Mimi ni binti wa Nestory, kaka wa marehemu, na baba amesema nisome mimi kwa kuwa ndiye niliyekaa na marehemu zaidi, kwa hiyo mnisamehe kama sauti yangu ni ndogo, walio nyuma wasogee.

Marehemu Joanitha alizaliwa tarehe 14 Machi 1977 huko Nyakakika, akiwa binti pekee kati ya watoto watano, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1986 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1992, kisha akabaki nyumbani akichuma kahawa na kujifunza cherehani. Tarehe 22 Novemba 1997 alifunga ndoa na Telesfori wa Kiruruma, wakaishi kwa heshima lakini hawakujaliwa mtoto, na mwaka 2005 Telesfori alipooa mke mwingine, marehemu alirudi kwa kaka yake hapa Ndama, akakatiwa kipande cha shamba la migomba nyuma ya nyumba yetu, hapohapo tulipomchimbia kaburi.

Mahali pa kutaja watoto ninapaacha kwanza, nitaparudia.

Mimi nilizaliwa mwaka 2004, na mama yangu, Vero, alipomzaa mdogo wangu nilihamishiwa kulala kwa shangazi, nikazoea kula na kuoga kwake, na mama alipokuwa akiniita jioni nami nisiitike alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Huko kuna chumvi tamu kuliko yangu?" Shangazi alikuwa akinisukuma mgongoni niende, ila alikuwa akinisukuma polepole.

Mwaka 2010 marehemu alichaguliwa kuwa mhudumu wa afya wa kijiji, akawa anapima watoto uzito na kubeba lile boksi la chanjo ambalo wengi wenu mmelizoea begani kwake, na jokofu la zahanati lilipokuwa likiharibika alikuwa akienda Kayanga kwa Mzee Abdulkarim, mwenye duka la vinywaji, kugandisha barafu za boksi katika friza lake, halafu anarudi kwa pikipiki, na kwenye matope anashuka na kulibeba mwenyewe ili lisianguke.

Mwaka 2018 ilipokuja chanjo mpya ya saratani ya mlango wa kizazi, kwa mabinti wa miaka kumi na minne, barabara mbaya haikuwa shida kubwa kama maneno. Ilisemwa kwamba sindano ile inafunga kizazi, na wauguzi walilijibu hilo vizuri, lakini likafuata lingine, mkasema, na wengine mpo hapa, "Mgumba huyo anatuonea wivu, anataka mabinti zetu wafanane naye." Alilisikia kisimani, akalisikia na kanisani, akaendelea kupita nyumba kwa nyumba.

Siku ya chanjo shuleni nilikuwa darasa la saba, baba alikuwa amekubali, na shangazi alinishika mkono niwe wa kwanza, ndipo mama akafika kutoka shambani na jembe lake, akasema mbele ya walimu, "Wifi, huyo nimemzaa mimi. Akikosa kuzaa, utanilipa kwa mtoto yupi?" Shangazi alimjibu kwa upole, "Wifi, ningekuwa na wangu ningemleta wangu. Huyu ndiye niliye naye." Nikachanjwa, wachache wakafuata, na zamu ya sindano ya pili baadhi yao walijificha kwenye mibuni. Tangu siku ile mama alinirudisha kulala nyumbani kwake, na wawili hawa walisalimiana kwa sababu ya baba tu.

Mwaka 2022 niliolewa na Clavery wa Nkwenda, wilaya ya Kyerwa, mwaka mzima ukapita sina mimba, mama akawa anakuja kila siku ya gulio na kulitazama tumbo langu kabla hata ya kunisalimia, naye shangazi hakuuliza kitu, ila alikonda. Najua kama nisingezaa, asingeaminiwa tena na mtu kijijini, na mimi nisingekuwa na uso wa kumtazama.

Nikapata mimba. Mwezi Aprili 2024 chanjo ilirudi shuleni, safari hii ikiwa sindano moja tu, kwa mabinti kuanzia miaka tisa, na shangazi akaniomba nije nisimame mbele ya wazazi, mimi nisiyeweza hata kuomba chumvi kwa jirani. Nilisimama, nikasema nilichanjwa hapa, nikaishiwa maneno. Mzazi mmoja akapaza sauti, "Huo ni mto! Mfungueni tuone!" Watu wakacheka, nikataka kukimbia, ndipo mama yangu akatoka katikati yao, khanga ikimdondoka, akanishika tumbo kwa mikono miwili na kusema, "Mto gani unapiga teke? Njoo uguse! Huyu ni mjukuu wangu mimi, siyo wa Joanitha, asije akajisifu hapa!" Wakaja kugusa, mmoja baada ya mwingine, kisha wakaenda kuwaita mabinti zao, na boksi lilirudi zahanati likiwa tupu. Mama aliongea kwa wivu, lakini wivu wake ndio waliouamini.

Mwanangu Kokuhirwa alizaliwa tarehe 2 Julai 2024, mama ndiye aliyekuja kunilea, na siku shangazi alipofika alimshika mtoto muda mrefu mpaka mama akasema maji ya kumwogesha yanapoa.

Mwishoni mwa mwaka huo shangazi alianza kutokwa damu, akaficha, na Februari 2025 alipopimwa alikutwa na saratani ileile aliyokuwa akiwaepusha nayo wengine, akapelekwa Mwanza, akarudishwa. Mabinti aliowachanja walikuja wengi na mananasi na soda, wakimwita Mama, nami nilikuwa nikiwapokea sahani ili nimlishe mwenyewe, wanisamehe. Siku moja, walipoondoka, aliniambia, "Watu hawakukosea. Wivu ninao. Nyie sindano iliwakuta, mimi nilitangulia kuzaliwa." Akacheka, akaomba uji.

Alifariki tarehe 9 Novemba 2025 asubuhi, nyumbani kwake.

Sasa narudi pale nilipopaacha. Nilipokuwa nikiandika karatasi hii nilimuuliza mama niandike nini kwenye watoto, kwa sababu wapo wanaotaka niandike kwamba hakuacha mtoto, na wapo wanaotaka niandike kwamba wote aliowachanja ni watoto wake, na hilo mimi sikulitaka. Mama alikuwa akimenya ndizi za waombolezaji, akamaliza mkungu mzima, kisha akasema, "Andika mmoja. Lakini uandike pia kwamba alitoka kwangu."

Marehemu ameacha mtoto mmoja, aliyetoka kwa Vero, na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wahudumu wa afya wenzake, Mzee Abdulkarim kwa barafu za miaka yote, majirani mliolala hapa, na ninyi mabinti mliokaa mbele, mlilieni, nimewaruhusu.

Shangazi, tua boksi lako, lala kwa amani.